Mama anayelia hospitalini habweki

Wengi wetu tukipiga magoti tunapeleka shida: ada ya mtoto, homa ya mama, kazi isiyopatikana. Sioni ubaya wowote. Ila katika Kabala, yaani mafundisho ya siri ya Kiyahudi, kuna dai ambalo limenishika nisiweze kuliacha: kwamba sala, kabla ya kuwa haja ya binadamu, ni haja ya Mungu.

Wanakabala hufundisha kuwa Mungu katika asili yake hana kikomo wala hafikiwi na fikra, lakini hujidhihirisha kwa njia kumi ziitwazo sefiroti. Ya mwisho, iliyo karibu nasi kuliko zote, ni Shekina, uwepo wa Mungu duniani. Marabi wa Talmud, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi, walikwisha kusema kwamba Israeli walipopelekwa uhamishoni, Shekina alikwenda nao. Wanakabala wakathubutu zaidi: uhamisho huo ni utengano uliomo ndani ya uungu wenyewe, na sala ya mtu inaweza kuuponya. Hadi leo wapo Wayahudi ambao, kabla ya kutimiza amri, hutamka kwamba wanaifanya ili kumuunganisha Mtakatifu na Shekina wake.

Msimamo huu una ukali wake. Tikunei Zohar, maandishi ya Kabala ya zama za kati, yanawakemea wanaolia Siku ya Upatanisho wakidai chakula, msamaha na uhai. Yanawafananisha na mbwa wanaobweka: tupe, tupe! Hapo nakataa. Mama anayemlilia mwanawe wodini habweki.

Huko Safed, Galilaya, Isaac Luria, aliyefariki mwaka 1572 akiwa na miaka 38 tu, alifundisha kwamba wakati wa uumbaji vyombo vya nuru vilipasuka na cheche zake zikatawanyika, na kwamba sala ya kweli huzipandisha zirudi zilikotoka. Fundisho hilo nalipenda sana. Lakini kila neno la sala lilipewa nia yake ya siri, pamoja na michanganyiko ya majina ya Mungu ya kutafakari, hadi ikahitajika elimu ya miaka kusali hivyo. Fundi viatu angeanzia wapi?

Nadhani waliolifungua jambo hili ni Wahasidi, Wayahudi wa harakati ya uchaji iliyoanza Ulaya Mashariki katika karne ya 18. Dov Ber wa Mezeritch, mwanafunzi wa Baal Shem Tov, mwanzilishi wao, alifundisha kwamba unachopungukiwa wewe, Shekina naye amepungukiwa, basi omba kwa ajili yake. Kwa hiyo yule mama haambiwi asahau homa ya mwanawe ili asali kwa usafi zaidi. Homa ile ile ndiyo mahali anapokutana na maumivu ya Mungu, na anaombea yote mawili kwa pumzi moja.

Najua wengi watauliza: Mungu apungukiwe na nini? Swali ni halali, na ni la Wayahudi pia. Maimonides, mwanafalsafa wa Kiyahudi aliyefariki mwaka 1204, alishikilia kwamba Mungu habadiliki wala haguswi na chochote. Namheshimu, na hoja yake ni safi kuliko ya Wahasidi. Lakini Mungu asiyeguswa nisingejua nimwambie nini saa nane za usiku, mgonjwa akihema kwa shida. Wa Dov Ber ningemwambia yote.