Jaribu Kuchora Kisumu Uone Cha Mtema Kuni

Hawa watu husema kuchora kila siku kunatuliza akili, hebu waniambie walikuwa wanachorea wapi. Labda chumbani, mlango umefungwa na watoto wameenda shule. Mimi kadaftari kangu nakatoa hapa Kisumu, nje, juani, katikati ya binadamu, na tangu nianze hii kazi haina mshahara presha inapanda tu.

Sikieni. Kuna mwandishi wa habari wa Seattle huko Marekani, anaitwa Gabriel Campanario, mwaka 2007 alianzisha kitu kinaitwa Urban Sketchers, sasa watu dunia mzima wanachora maisha ya miji yao, na sharti lao kubwa ni uchore ukiwa pale pale, kile macho yako yanaona, sio upige picha na simu halafu ukachore kwa kochi. Nikapenda sana. Nikasema hata sisi ni jiji bana, tangu 2001, tuko na ziwa, tuko na tuktuk, tunakosa nini? Tunakosa amani, hiyo ndiyo tunakosa.

Tuanze na tuktuk. Wewe ukiwa na haraka unaenda Kondele, utakaa ndani ya hiyo kitu mpaka uzeeke, dere anasema "mmoja tu tunaenda, mmoja tu", na huyo mmoja sijui anatoka sayari gani, umebanwa na gunia la omena la mtu na mwenye gunia ameshakuelezea shida zote za shemeji yake. Sawa. Sasa siku hauna safari, toa penseli ujaribu kuichora. Nimemaliza tairi ya mbele na kioo, nainua macho hivi, imejaa, imeenda! Nikahamia ile imebaki kwa foleni, pia hiyo ikaondoka. Daftari yangu imejaa tuktuk za pua pekee, hakuna hata moja iko na matako, mtu akizipekua ananiuliza hii ajali ilitokea wapi na kama kuna mtu aliumia.

Kitu moja tu hainikimbii hapa mjini ni ule mnara wa saa pale Oginga Odinga Street. Umesimama hapo tangu 1938, hauna foleni, hauna abiria. Nimeuchora mpaka mama watoto akauliza kama kuna mtu ananilipa kwa kila saa. Na hata hapo siachwi, askari wa mlango wa duka lazima atavuka barabara.

"Boss, unaandika nini?"

"Siandiki, nachora."

"Unachora ya nini?"

Hilo swali sijawahi kupata jibu yake. Ukisema unachora tu, umejiharibia, maana hakuna mtu mzima mwenye ndevu anachora tu. Na kinachoniuma ni hapo kando yangu kuna vijana wanapiga selfi na simu kubwa kubwa, wameshika mnara, wameshika maduka, wameshika huyo askari mwenyewe na rungu yake, na hakuna mtu amewauliza chochote. Mwenye penseli ndiye hatari. Mwenye penseli ni wa kaunti, ama ni wa ardhi, ama ametumwa na watu wa ushuru.

Kibuye ndio sitasahau. Jumapili, soko imejaa mitumba mpaka inamwagika barabarani, nikapata ndoo nikaigeuza nikakaa, nachora vibanda vizuri, nafumba jicho moja na kuinua penseli nipime urefu, vile wachoraji hufanya. Kumbe kuna mtu ananiangalia. Nikasikia "wanapima! wanapima!" na kabla sijajua ni nani anapimwa akina mama wameanza kufunga mizigo. Mzee mmoja akaja kwangu pole pole, na heshima zake zote, akainama: "Kijana yangu, bomoabomoa ni lini? Wewe niambie tu, sitasema ni wewe." Nikamfungulia daftari aone. Akaangalia sana, akageuza, akarudisha. "Na kibanda yangu mbona hujaweka? Ama mimi ndio wa kwanza?"

Hiyo daftari nayo msinionee wivu. Zile za wachoraji ziko na karatasi nzito inabeba rangi, na bei ni ya kuombewa harambee, kwa hivyo mimi niko na kaunta buku ya kawaida, ile ya kuandikia deni. Ina mistari. Nikichora na kitabu kimesimama nasurvive, lakini nikikilaza nipate upana, mistari yote inasimama wima na kila mtu nimemchora anaonekana amefungwa jela ya Kodiaga. Kuna pasta nilimchora akihubiri stendi, nikamwonyesha nikidhani atafurahi, akaniuliza nimesikia nini juu yake.

Wino sisemi sana. Nilinunua kalamu ya wino wa maji nikajiona fundi, mvua ya jioni ikanyesha vile huwa inanyesha hapa, bila hodi, mnara wangu ukayeyuka wote. Nikarudi kwa biro ya duka, wino wake ni wa mafuta, maji haiubabaishi.

Lakini mafuta ya kukaanga inaubabaisha. Hiyo nimejifunzia Obunga, kwa akina mama wa mgongo wazi. Kama hujui, viwanda vinakata minofu ya mbuta, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na fremu, yaani kichwa, uti wa mgongo na mkia, inaanikwa halafu inatupwa kwa karai ya mafuta moto. Hakuna kitu tamu kuchora kama hiyo, mbavu zimepitana, vichwa vimeachama midomo vyote vinaangalia upande mmoja. Nikasogea karibu. Karai ikapasua tone likatua katikati ya ukurasa, likasambaa, karatasi ikaangaza mpaka nikaona tuktuk ya ukurasa wa nyuma inatokea ndani ya tumbo la samaki.

Mama mwenye karai akachungulia.

"Wewe unachora ama unahesabu mifupa?"

"Nachora mama."

"Basi weka nyama kidogo. Nani atanunua hiyo?"

Nikamweleza masharti, kwamba tunachora kile kiko. Akaniambia huyo mzungu wa masharti akuje anunue basi. Nikaweka nyama. Akaangalia sura yake, akauliza hiyo pua ni ya nani, nikapunguza pua. Akaondoa leso ya kichwa akataka nywele za salon, nikaweka nywele za salon na moshi nyuma. Sasa hapo kwa ukurasa kuna mwanamke sijawahi kumwona anauza samaki hayuko sokoni, na mama akafurahi sana, akachana karatasi mwenyewe bila kuuliza, akaipigilia msumari kwa nguzo ya kibanda.

Hapo ndio nilimalizwa. Wa karai ya pili anataka yake, na achorwe akiwa amekonda. Wa mkaa anataka gunia zake zijae mpaka juu, na tukubaliane hazijai mpaka juu. Fundi wa viatu analeta picha ya passport ya marehemu baba yake nimchore wakiwa wamekaa pamoja. Hakuna mtu anataja pesa, soda tu, na yenyewe ni "kesho". Na yule mama wa maparachichi ameacha kunisalimia kabisa, anaambia watu nimemruka makusudi juu niko na deni yake. Deni ni kweli iko, lakini mama, wewe hukai hapo kwa meza yako! Kila nikianza kukuchora unaniona na unasimama kuja kunidai.