Udongo uliolowa ni mzigo mzito
Kuna makala kuhusu bustani zinazojengwa juu ya barabara kuu, nayo inadai kwamba barabara ikishafunikwa kwa paa la zege, kilichobaki ni kumwaga udongo na kupanda miti. Si kweli hata kidogo. Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa hukaribia tani 2, na mti mkubwa unataka kina cha kama mita 1. Klyde Warren Park ya Dallas, Marekani, bustani iliyojengwa juu ya barabara kuu na kufunguliwa 2012, ina mitaro kati ya boriti za zege ili mizizi ishuke humo. Kwingine wamejaza povu gumu kupunguza uzito. Adui mkubwa ni maji: tabaka la kuyazuia likitoboka, nondo za ndani ya zege hushika kutu, na ni vigumu kuliziba bila kufukua bustani iliyo juu yake. Na barabara iliyofunikwa huwa handaki; likiwa refu, umeme wa feni za kutoa moshi atalipa nani miaka yote hiyo?