Walinunua Bastola Pamoja na Michoro Yake

Kuna kijisahani cha shaba kinachoniudhi hapa Uswidi. Kiko kwenye kitako cha bunduki za zamani za jeshi lao, zile m/96 (yaani modeli ya 1896), upande wa kulia, na kimegawanywa sehemu tatu. Sehemu moja inasema upana wa tundu la mtutu, tuseme milimita 6,51. Nyingine ina namba 1, 2 na 3, na alama iliyogongwa hapo inakuambia kutu imeula mtutu kiasi gani. Ya tatu inakuonya kwamba ukitumia risasi mpya ya ncha kali badala ya ile ya zamani ya ncha butu, itapiga juu ya shabaha, na kwa kiasi gani. Bunduki ina zaidi ya miaka 100, inamilikiwa na mwindaji wa kijijini, na cheti chake cha afya bado kiko ubavuni.

Kwetu Tanzania uliza habari za jenereta ya hospitali ya wilaya iliyozinduliwa juzi kwa ngoma na utepe. Faili halionekani. Aliyekuwa analijua amehamishwa.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "Hawa wakishakula baridi miaka miwili wanajiona Wazungu." Subiri kwanza, mkuu. Sijasema Waswidi ni malaika. Wakati wa Vita vya Pili walimuuzia Hitler chuma ghafi cha Kiruna, na treni zenye askari wa Kijerumani zilikatiza nchi yao kuanzia 1940 hadi 1943. Kutofungamana kwao kulikuwa na bei, na walilipwa. Ninachobishania hapa ni kitu kimoja tu, namna walivyonunua silaha za watu.

Mwaka 1907 jeshi lao lilichagua bastola ya Browning 1903 kutoka kiwanda cha FN kule Herstal, Ubelgiji. Wakaipa jina m/07. Agosti 1914 Wajerumani wakaivamia Ubelgiji, na mzigo ukakatika. Uswidi haikuwa vitani na pesa ilikuwa nayo, lakini muuzaji ndiye hakuwepo tena. Wangeweza kukaa wakisubiri vita viishe. Badala yake, kuanzia 1917 kiwanda cha Husqvarna, nyumbani kwao, kikawa kinatoa bastola ile ile, na kikaendelea hadi 1942.

Anayedhani kunakili bastola ni kuipima kwa kalipa na kuikereza hajawahi kuingia karakana. Unahitaji mchoro wenye kiasi cha makosa kinachoruhusiwa kwa kila kipande. Unahitaji geji za kukagua, moja ipite na nyingine igome kupita. Unahitaji kujua ni chuma gani, na kinapashwa na kupozwa vipi. Geji ikikosekana, kila bastola inakuwa na vipande vyake peke yake, na siku pini ya kufyatulia ikivunjika kambini unamtafuta fundi mwenye tupa. Chuma kikikosewa, bastola inapita majaribio yote siku ya makabidhiano, inapasuka baadaye.

Na bastola yao nyingine ilipata nyufa kweli, tutafika hapo.

Mwaka 1939 walitaka bastola mpya wakachagua ya Walther kutoka Ujerumani, wakaiita m/39. Zilifika kama 1,500, kisha Ujerumani ikazitaka zake zenyewe. Safari hii hawakusubiri hata mwaka. Wakachukua leseni ya bastola ya mbunifu Aimo Lahti kutoka Ufini, kwa sababu Ufini yenyewe ilikuwa imetoka kupigana na Warusi na haikuwa na bastola ya kumuuzia jirani. Kampuni ya kwanza iliyopewa kazi ya kuitengeneza ikafilisika kabla ya kufika popote. Kazi ikarudi kwa wale wale Husqvarna, wakatoa takriban 84,000 kwa jina la m/40.

Aprili 1940 Wajerumani walipochukua Norwe na Denmark, njia ya bahari ya magharibi ikafungwa. Marekani nayo ikazuia ndege ambazo Uswidi ilikuwa imeagiza: kwa aina moja, kati ya 120 walipata 60. Walikuwa wamepata rashasha 500 za Thompson za Marekani zinazokula risasi ya milimita 11, risasi ambayo hakuna silaha nyingine jeshini mwao iliyoitumia. Ukitaka kuona manunuzi ya hofu, hayo hapo. Hata wao.

Halafu kuna bunduki za Mauser elfu chache walizopata Ujerumani. Zilikuja na chemba (chumba cha risasi) ya 8x57, yaani risasi ya milimita 8 yenye ganda la urefu wa milimita 57, lakini bombomu zao za Browning zilikula risasi yao wenyewe ya 8x63, yenye kichwa cha gramu 14 na ushee. Mtu wa stoo akitazama anaona hatari mara moja: kikosi kimoja, mabunduki mawili, masanduku mawili ya risasi. Basi wakazichonga upya chemba, wakapanua nafasi ya magazini, ikawa inabeba risasi 4 badala ya 5, na mdomoni mwa mtutu wakafunga breki ya kupunguza mtikiso. Hata hivyo bega la askari lilijua limepigwa. Lakini mtu wa bombomu na mwenzake walichota kwenye sanduku moja.

Sasa ile bastola ya m/40. Chuma cha wakati wa vita hakikuwa kama cha Wafini. Miaka ikapita, jeshi likaleta risasi kali zaidi kwa ajili ya rashasha zake, zikatiwa na kwenye bastola, na fremu zikaanza kupata nyufa. Miaka ya 1980 zikaondolewa, na unajua walitoa nini stoo? Ile m/07 ya babu zao. Ilikuwa imepakwa mafuta, imeandikwa, vipande vyake vinaingiliana. Hapo ndipo ninapochoka kabisa.

Maana sisi trekta la halmashauri linalala nyuma ya ofisi kwa beringi moja. Kivuko kinasimama miezi kwa sababu aliyekiuza ndiye peke yake mwenye programu ya kusoma hitilafu ya injini. Na mkataba mzima hauna ukurasa hata mmoja wa michoro. Una picha ya waheshimiwa.

"Wao ni matajiri." Mwaka 1940 walikuwa watu milioni 6 na kidogo. Sensa yetu ya 2022 ilitukuta karibu milioni 62. "Silaha ni kitu kingine, hatuwezi kujadili." Sawa, na Mzinga pale Morogoro tunatengeneza risasi, najivunia hilo na sitaki mtu anifundishe kujivunia. Swali langu liko kwenye pampu ya maji.

"Mwafrika hauziwi mchoro, mkubwa hakubali." Hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu Misri iliuziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walinunua kwa Waswidi hawa hawa leseni ya bunduki yao ya nusu-otomatiki, ile ya Ljungman, pamoja na mitambo ya kuitengenezea. Wakaibadilisha itumie risasi ya milimita 7,92, na kwa kuwa risasi zao zilitoka huku na kule, nyingine kali nyingine baridi, wakaiongezea vali ya kurekebisha gesi ambayo ya Kiswidi haikuwa nayo. Wakaiita Hakim. Rashasha ya m/45 pia waliitengeneza, wakaiita Port Said. Sasa mniambie, kwenye zabuni ya mwisho mliyoiona kwa macho yenu, nani aliandika neno "michoro"?