Chuo na Ada Ni Swali Moja

Kuna maneno ambayo wazazi wengi humwambia kijana wao kwa upendo kabisa: "Wewe chagua chuo unachokitaka, mambo ya pesa tuachie sisi." Nayapinga maneno hayo, na nayapinga zaidi yakitoka kwa mzazi aliyemsomesha mwanawe nyumbani. Kijana huyu amekua akiulizwa anataka kusoma nini, kwa njia gani, aanze na kipi. Halafu linapokuja jambo kubwa kuliko yote anafichwa nusu ya hesabu. Anafika mwaka wa mwisho akiwa na orodha ya vyuo anavyovipenda, na hajui ni kipi kati ya hivyo ambacho nyumba yao inakimudu. Barua ya udahili inaingia, watu wanapiga vigelegele, na baada ya siku chache mzazi anamwita faragha kumwambia kwamba haiwezekani. Au hamwambii chochote, anasaini mkopo kimya kimya, na hilo naliona baya zaidi.

Msimamo wangu ni kwamba kuchagua chuo na kulipia chuo ni swali moja, na liulizwe mapema, kijana akiwa na miaka 14 au 15, kwa namba za kweli. Hakuna haja ya kumfungulia kila karatasi ya benki. Mwambie familia inaweza kutoa kiasi gani kwa mwaka bila kuuza kitu na bila kuwanyima wadogo zake haki yao. Kama kiasi hicho ni sifuri, mwambie ni sifuri. Kijana anayelijua hilo akiwa na miaka 14 ana muda wa kupanga, na anayelijua akiwa na miaka 18 ana muda wa kulia tu.

Muda ndio mali ya familia inayosomesha nyumbani, na ninasikitika kuona wengi hawautumii. Mwanafunzi wa shule ya kawaida amefungwa na ratiba: mitihani yote msimu mmoja, masomo yote kwa mpigo. Anayesomea nyumbani anaweza kufanya somo moja akalimaliza, akaendelea na lingine. Anaweza kuanza kukusanya krediti za chuo kikuu (yaani masomo yanayohesabiwa kuelekea shahada) kabla hajaingia chuo kikuu. Nchini Marekani kuna mitihani ya CLEP, inayotolewa na shirika la mitihani la College Board: somo moja, mtihani mmoja kwenye kompyuta, alama kati ya 20 na 80, na vyuo vingi vinavyoitambua hutoa krediti kuanzia alama 50. Gharama yake ni sehemu ndogo sana ya ada ya somo hilohilo likisomwa chuoni. Kuna mitihani ya AP, ya kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari, yenye alama 1 hadi 5, ambayo kijana anaweza kuifanya hata bila kusoma darasa lenye jina hilo, ila ni lazima apate shule itakayokubali kumpokea kama mtahiniwa wa nje. Mitihani yenyewe hufanyika Mei, lakini usajili wake hufanyika katika msimu wa vuli wa mwaka unaotangulia, na shule nyingi zitakuambia nafasi zimejaa ukichelewa kupiga simu. Kuna pia vyuo vya jamii, yaani vyuo vya umma vya miaka miwili, ambavyo katika majimbo mengi humpokea kijana wa umri wa sekondari kusoma masomo machache kwa ada ndogo au bila ada.

Hapa niweke tahadhari moja ambayo imewaumiza watu. Krediti zilizopatikana kabla kijana hajahitimu sekondari, kwa kawaida hazimwondolei hadhi ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Zikipatikana baada ya kuhitimu, vyuo vingi vitamhesabu kuwa mwanafunzi wa uhamisho, na fungu kubwa la ufadhili unaotolewa kwa ubora wa masomo limetengwa kwa wanaoanza mwaka wa kwanza. Mzazi anayesomesha nyumbani ndiye anayepanga tarehe ya mahafali. Basi asimhitimishe kijana kwa haraka akiwa na miaka 16 ili baadaye ampeleke chuo cha jamii. Ampeleke kwanza, mahafali yasubiri. Na kabla ya kulipia mtihani wowote, kijana aandikie ofisi ya udahili ya kila chuo kilicho kwenye orodha yake aulize: mnatambua krediti hizi, na kwa kiwango gani? Vyuo vinatofautiana sana, na vile vyenye majina makubwa mara nyingi ndivyo vinavyobana.

Nikija kwenye karatasi, nakiri kwamba hapa ndipo familia zetu huwa nyuma ya wengine. Mtoto wa shule ana ofisi nzima inayomtunzia matokeo. Wako ana wewe. Nchini Marekani, kwenye mfumo wa maombi wa Common App, mzazi anaruhusiwa kujaza nafasi ya mshauri wa shule: anapakia matokeo ya miaka minne, maelezo ya shule (yaani maelezo ya namna mlivyosoma nyumbani) na barua ya kumtambulisha mwanafunzi. Hiyo ni nafasi ya dhahabu, na wengi huipoteza kwa kuandika vitu kama "Baiolojia: A". Anayesoma maombi ataifanyia nini A iliyotolewa na mama mzazi? Mwandikie kitu cha kushika. Kwa mfano: "Baiolojia, mwaka mzima. Kitabu kikuu na sura zilizosomwa ni hizi. Mwanafunzi alipasua chura na jicho la ng'ombe, alitumia darubini kuchora seli za kitunguu na za ndani ya shavu, aliandika ripoti ya kila jaribio. Alifuatilia uotaji wa mbegu katika mwanga wa viwango tofauti kwa wiki kadhaa na kuchora grafu. Alama ya mwisho: nusu mitihani ya kuandika, nusu ripoti." Aya moja ya namna hiyo humweleza msomaji kwamba nyumba hii ilikuwa na shule kweli. Na huwezi kuiandika kwa kukumbuka miaka minne baadaye. Iandike somo linapoisha, siku ileile kama unaweza.

Jambo lingine la karatasi ni mtu wa nje. Kwa wanaoomba vyuo vya Uingereza kupitia UCAS, mfumo wao wa pamoja wa maombi, barua ya mdhamini haiwezi kuandikwa na mzazi wala ndugu. Na hata pale ambapo mzazi anaruhusiwa, chuo bado kitataka kusikia kutoka kwa mtu asiyemzaa. Kwa hiyo kijana awe na angalau walimu wawili wasio wa familia: mkufunzi wa kozi ya mtandaoni, mwalimu wa muziki, mhandisi aliyemfundisha kazi, mwalimu wa chuo cha jamii. Watafutwe akiwa na miaka 15, wapate kumjua.

Familia zinazofuata mitaala ya Kiingereza zina njia iliyonyooka zaidi, kwa sababu mitihani ya IGCSE (ya kidato cha nne hivi) na A-Level (ya kuingilia chuo kikuu) hufanywa na watahiniwa wa kujitegemea katika vituo vinavyowapokea, na matokeo yake yana uzito uleule wa yale ya mwanafunzi wa shule. Lakini kuna mtego kwenye sayansi. Katika IGCSE za bodi ya mitihani ya Cambridge, kwa fizikia, kemia na baiolojia, upo mtihani wa kuandika unaochukua nafasi ya mtihani wa maabara. Kwenye A-Level za Cambridge haupo. Unakutana na maabara ya kweli na mwangalizi amesimama pembeni. Vituo vingi havipendi kuwafungulia maabara zao watahiniwa wa nje, na vinavyokubali hutoza. Kijana anayeota udaktari au uhandisi anapaswa kujua kituo chake cha maabara kabla ya kufungua kitabu cha kwanza cha A-Level. Nasema hivi kwa uchungu, maana ni jambo ambalo simu moja, ikipigwa mapema, inalimaliza.

Kuhusu ithibati, yaani utambuzi rasmi wa chuo, nitasema kwa ufupi tu. Familia za elimu ya nyumbani hutafutwa sana na "vyuo" vya mtandaoni vinavyouza shahada. Hakikisha chombo kinachokitambua chuo hicho kinatambuliwa chenyewe na serikali ya nchi husika. Ukikosa jibu la wazi, ondoka.

Tuje kwenye bei sasa, na hapa naomba kijana mwenyewe ndiye ashike kalamu. Ada iliyoandikwa kwenye tovuti ya chuo karibu haina maana yoyote peke yake. Tangu Oktoba 2011, vyuo vya Marekani vinavyopokea fedha za misaada ya serikali kuu vinatakiwa kuweka kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti zao. Kijana akiingiza kipato cha familia na alama zake, anapata makadirio ya kile watu kama ninyi hulipa baada ya ruzuku. Jioni moja yatosha kufanya hivyo kwa vyuo sita, na matokeo hushangaza. Chuo ghali chenye hazina kubwa kinaweza kuwa nafuu kuliko chuo cha kawaida cha jirani kwa familia ya kipato cha chini. Berea College, jimboni Kentucky, haijamtoza mwanafunzi ada ya masomo tangu 1892, na kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni. Kwa wanaotoka nje ya Marekani, vyuo vichache kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst havitazami uwezo wa kulipa vinapoamua nani aingie. Kuingia huko ni kugumu mno, na sitamshauri mtu ajenge maisha juu ya matumaini hayo, lakini visifutwe kwenye orodha kwa sababu ya ada iliyoandikwa.

Upande wa pili, Open University ya Uingereza, iliyoanzishwa 1969, haidai vyeti vya awali kwa kozi zake nyingi, na mtu anasoma akifanya kazi. Kwa kijana aliyezoea kusoma peke yake naiona njia yenye heshima kamili, ingawa wazazi wengi huikunjia uso kwa sababu haina bweni wala uwanja wa kupigia picha.

Mtoto aliyesomea nyumbani pia ana haki ya misaada ya serikali kuu ya Marekani kama alimaliza masomo yake kwa mujibu wa sheria za jimbo. Mlango huo ulifunguliwa na marekebisho ya sheria ya elimu ya juu ya mwaka 1998, na fomu ya FAFSA, ambayo ndiyo ya kuombea misaada hiyo, yenyewe ina nafasi ya kuonyesha kwamba ulisomea nyumbani. Karani akikuambia kijana lazima kwanza afanye GED, mtihani unaochukua nafasi ya cheti cha sekondari, ili apate msaada huo, mwombe kwa adabu aulizie kwa mkubwa wake.

Kisha inakuja barua ya ufadhili, karatasi inayopotosha kuliko zote. Tuseme gharama ya mwaka ni dola 40,000, na barua inasema: "Hongera, umepata msaada wa dola 32,000." Familia inatoa 32,000 kwenye 40,000, inaona zimebaki 8,000, inafurahi. Shusheni macho kwenye mistari. Ruzuku ya chuo, 14,000. Mkopo wa mwanafunzi, 5,500. Kazi ya chuoni, 2,500, ambazo hazipo mpaka azifanyie kazi. Mkopo wa mzazi, 10,000. Zawadi halisi hapo ni ile 14,000 peke yake, na mwaka huo unawagharimu 26,000. Zidisheni kwa minne, kisha uliza kama ruzuku hiyo inarudi kila mwaka na kwa sharti gani la alama. Ruzuku inayopotea alama zikishuka kidogo mwaka wa kwanza ni ya kuiogopa.

Mkopo wa mwanafunzi wa serikali kuu ya Marekani una ukomo: kwa anayetegemea wazazi, dola 5,500 mwaka wa kwanza na jumla isiyozidi 31,000 kwa shahada yote. Mimi nauheshimu ukomo huo. Chuo kinachohitaji zaidi ya hapo kwa njia ya mkopo, kwangu mimi, familia haikimudu, hata kama kijana amelia. Mkopo wa mzazi ndio unaozila nyumba, maana unachukuliwa na mtu wa miaka 50 ambaye hana miaka 30 ya mshahara mbele yake. Kwa sababu hiyohiyo sishauri mtu wa kipato cha kati aombe udahili wa mapema unaomfunga, kwa kuwa unakubali chuo kabla ya kuona bei za vingine.

Na kama chuo anachokitaka kimekaribia lakini hakijafika, andikeni rufaa kwa ofisi ya misaada. Vyuo huzipokea, hasa kama kipato kimeshuka, kuna mgonjwa nyumbani, au kuna chuo kinachofanana nacho kilichotoa zaidi. Barua iwe ya ukurasa mmoja, itaje kiasi kinachopungua kwa namba, na iambatane na ushahidi. Aiandike kijana mwenyewe kwa jina lake, mzazi atafute nyaraka na kusoma mara ya mwisho kabla haijatumwa, na itumwe mapema, kabla ya siku ya mwisho ya kulipa amana ya kushikilia nafasi, ambayo kwa vyuo vingi vya Marekani ni tarehe 1 Mei.