Kuinua sainasi kabla ya impulanti: kila mtu anahitaji kweli?

Siku hizi hapa Dar mtu akienda kuulizia impulanti ya gego la juu, ile skrubu inayopandikizwa kwenye mfupa ibebe jino la bandia, anaweza kujibiwa mfupa wako umepungua, inabidi tuinue sainasi kwanza, na bili inapaa hapohapo. Kuna wanaosema madokta wanatafuta hela tu, wengine wanasema bila hiyo impulanti haikai. Mi naona kinachoamua ni milimita za mfupa zilizobaki, na unakuta mtu anatoka kliniki hata hajui anazo ngapi.

Iko hivi, juu ya magego ya juu kuna uwazi wenye hewa, ndo sainasi yenyewe. Ukishang'oa gego ukakaa miaka bila kuweka kitu, na huku kwetu jino likisumbua wengi wanang'oa basi yameisha, mfupa unapungua na sainasi nayo inashuka. Kuinua sainasi ndo hivi: dokta anafungua kidirisha ubavuni mwa taya, anausukuma juu ule utando wa ndani taratibu usichanike, afu chini yake anajaza chembechembe za mfupa, mara nyingi wa ng'ombe uliosafishwa kiwandani. Sio kitu cha jana, madokta Boyne na James walichapisha njia hii 1980, na 1994 dokta Summers akaleta ya kupitia palepale impulanti inapoingia, hiyo kidonda chake kidogo.

Aliyebakiwa na milimita mbili tatu, kumwambia asifanye ni kumpoteza. Impulanti itashika wapi? Atasubiri miezi sita hata tisa mfupa ukomae, sawa, ila ni njia iliyofanyiwa kazi miaka mingi na matokeo yake ni mazuri.

Shida yangu ni kwa mwenye milimita sita saba. Siku hizi kuna impulanti fupi za milimita 6, na tafiti zilizofuatilia wagonjwa miaka mitano zimeona zinadumu karibu sawa na ndefu zilizowekwa baada ya kuinua sainasi. Huyu kwanini aongezewe operesheni na hatari ya utando kutoboka, ambalo ndo tatizo linalotokea sana? Madokta nao wana hoja, impulanti fupi ikipoteza milimita mbili za mfupa huko mbele inabaki na kidogo mno, hasa kwa mtu anayesaga meno usiku. Hoja nzuri kabisa, lakini mgonjwa aelezwe achague, asipewe njia moja kama vile hakuna nyingine.

Kwahiyo kabla hujalipa omba CT ya meno, eksirei ya kawaida haikuonyeshi upana wa mfupa. Kama sainasi zinakusumbua zitibiwe kwanza, kama unavuta sigara sema ukweli. Na ndugu zangu Waislamu, ulizeni na asili ya vifaa, maana mfupa unaweza kuwa wa ng'ombe lakini kile kitambaa cha kufunikia kidirisha kuna aina zinatokana na nguruwe, na za ng'ombe zipo, dokta akiambiwa mapema anaagiza.