Dakika 38 za Forodhani

Kila nikipita Forodhani, Zanzibar, na wageni nasikia waongoza watalii wanaanza na ile ile, hapa ndo ilipigwa vita fupi kuliko zote duniani, dakika 38 tu, wageni wanacheka, simu zinatoka, picha mbili tatu halafu haoo wanasonga. Inaniuma kwa kweli.

Lakini tuwatendee haki. Bila zile dakika 38 nani angesimama juani kusikiliza habari za Sayyid Khalid bin Barghash? Sultani Hamad bin Thuwaini kafariki 25 Agosti 1896, Khalid kaingia kasri kutwaa usultani bila ridhaa ya Waingereza, tarehe 27 saa tatu asubuhi muda waliompa ukaisha na manowari zikaanza kupiga mizinga. Ile rekodi ndo inayomfanya mgeni aulize, na muongozaji naye anatafuta riziki.

Kinachonitatiza ni hesabu. Upande wa Khalid waliouawa na kujeruhiwa ni kama watu 500, kwa Waingereza kajeruhiwa baharia mmoja. Na mle kasrini hawakuwa walinzi peke yao, walikuwemo watumishi, walikuwemo watumwa. Sasa katiza vichochoro mpaka Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa, kwenye zile sanamu za Clara Sörnäs za watumwa waliofungwa minyororo shingoni, mgeni yule yule aliyekuwa anacheka Forodhani hapa ananyamaza kimya. Mtumwa wa sokoni anaombolezwa, mtumwa aliyekufa kwa mizinga anachekewa, na huenda ni watu wa kabila moja, wameletwa kwa jahazi moja. Hata mabaharia wa HMS Pegasus, meli ya Waingereza iliyozamishwa na Wajerumani Septemba 1914, wana makaburi yao kisiwani Chapwani na watu wanapanda boti kwenda kuyaona.

Wapo watakaosema tusimfanye Khalid shujaa, kwamba alikuwa anapigania kiti cha wenye watumwa, na Hamoud bin Mohammed, sultani aliyewekwa na Waingereza, ndo aliyetia saini mwaka 1897 utumwa usitambulike tena kisheria. Ni kweli, na hoja hiyo ina uzito. Ila mimi simsemei Khalid, yeye alikimbilia ubalozi wa Ujerumani akapona, nawasemea waliobaki ndani.

Siku hizi wageni wangu nawasimamisha pale kwenye uwazi kati ya Beit al-Ajaib na kasri, lilipokuwa jengo la Beit al-Hukm kabla halijabomolewa na mizinga. Naanza na wale 500, dakika nazitaja mwisho.