Trekta Inalipiwa, Palizi ya Mama Bure

Ukipita Usukumani, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, mvua za vuli zinapoanza, utaona ng'ombe wamefungwa nira, kijana anaongoza mbele, mwanaume ameshika plau nyuma. Asiye na ng'ombe hukodi trekta na kulipa kwa ekari. Rudi baada ya wiki tatu. Ng'ombe wako malishoni, trekta imeshahamia kijiji kingine, na shamba lile lile limejaa wanawake walioinama na jembe la mkono, baadhi yao wakiwa na mtoto mgongoni.

Tunasema kilimo kimepiga hatua. Kimepiga hatua kwa nani? Plau imemwezesha baba kulima ekari tano badala ya mbili. Magugu nayo yanaota kwenye ekari zote tano. Pamba inataka palizi mbili, hata tatu, na mahindi hayasubiri. Kazi ya baba imepungua na ya mama imeongezeka kwa sababu ya zana ile ile. Kipande chake cha karanga, ambacho angalau fedha yake huishika mwenyewe, hupaliliwa mwisho, magugu yakiwa yameshakula rutuba.

Kampeni ya serikali ya Kilimo Kwanza ilipotangazwa mwaka 2009, gumzo lilikuwa matrekta na pawatila, yaani trekta ndogo za kuongozwa kwa mkono. Mpaka leo tukihesabu zana tunahesabu za kulimia. Kisingizio ninachokisikia mara kwa mara ni kwamba zana za palizi hazipo. Zipo. Kuna jembe la palizi la kukokotwa na ng'ombe au punda, na kwa mpunga kuna kipalizi cha kusukuma kwa mkono katikati ya mistari. Sharti lake kubwa ni kupanda kwa mistari iliyonyooka, jambo ambalo bwana shamba anaweza kulifundisha msimu mmoja.

Ninavyoona mimi, kinachokwamisha ni pesa, na hasa nani anaamua itumike wapi. Kulima kunatolewa fedha mfukoni, kwa hiyo baba anatafuta njia ya haraka. Palizi inafanywa na mke na mabinti, hakuna anayewalipa, basi hakuna anayeona cha kuokoa. Hata dawa ya magugu, ambayo ingempumzisha mama, inanunuliwa mwenye fedha akitaka, na bomba la kupulizia linahesabiwa kuwa la wanaume.

Angalieni mashine ya kusaga. Wanawake walitwanga kwenye kinu miaka na miaka. Mashine zilipofika, nyingi zilikuwa mali ya wanaume, lakini mama alipata nafuu kwa sababu huduma iliuzwa kwa debe, kwa bei anayoweza kuipata mwenyewe. Si lazima kila mwanamke amiliki mashine. Palizi iuzwe kwa ekari, kupukuchua mahindi kwa gunia, na malipo yakubaliwe hata baada ya mavuno.

Wa kutoa huduma hiyo wanaweza kuwa vikundi vya wanawake wenyewe. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na 4 kati ya hizo ni za wanawake. Ningependa kuona sehemu ya fedha hizo ikinunua majembe ya palizi, punda wa kuyavuta na mashine za kupukuchulia. Benki zikidai dhamana, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Hati za kimila ziandikwe majina yote mawili, mume na mke.

FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ilikadiria mwaka 2011 kwamba wanawake wakipata nyenzo sawa na wanaume, mavuno ya mashamba yao yangepanda kwa asilimia 20 hadi 30. Hizo ni gunia za chakula tunazoziacha kwenye magugu kila mwaka.

Na maafisa ugani, tafadhali: mafunzo ya zana yakiitishwa asubuhi ofisi ya kata katikati ya msimu, watakuja wanaume, maana wanawake wako shambani. Yapelekeni huko huko shambani, jembe la palizi likiwa limeshafungwa kwa punda, na wao ndio walishike kwanza.